Mkatisha Maziwa wa Duka la Modak

Kila asubuhi, maziwa yakishachemka, Haradhan Modak alipunguza moto chini ya karai, akafuta mikono kwa kitambaa cha begani, akamwita binti wa marehemu mdogo wake. Lotika alikuja na kazi yake ya kushona, akaketi kwenye kigoda kando ya karai. Kabla hajamaliza kutunga uzi kwenye sindano, maziwa yalikuwa yamekatika. Mabonge meupe yalielea juu, maji ya rangi ya nyasi changa yakabaki chini, na Haradhan akayachuja kwa melimeli. Lotika akarudi jikoni kuchambua dengu.

Maduka mengine ya vitamu pale Bhadrapara yalikatisha maziwa kwa limau, au kwa maji ya maziwa yaliyobaki tangu jana. Sandeshi zao, vitamu vya mabonge ya maziwa na sukari, zilikuwa nzuri, lakini mtu mwenye ulimi wake alijua kuna kitu kimetiwa. Kwa Modak hakuna kilichotiwa. Wateja walitoka Kolkata kwa treni kuja kununua, na wakiuliza siri, Haradhan aliwaambia ni mkono wa babu yake.

Lotika aliletwa nyumba ile akiwa mtoto wa miaka saba, wazazi wake wote wawili wakiwa wamekufa kwa homa moja. Siku hiyohiyo maziwa ya chai yalikatika. Subashini, mke wa Haradhan, alimwaga sufuria ya kwanza na ya pili. Ya tatu Haradhan aliionja. Tangu hapo mtoto akapewa kigoda. Hakupigwa wala hakunyimwa wali; hakuulizwa kitu tu. Sasa alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na minane, mwenye harufu ndogo ya uchachu ambayo sabuni haikuiondoa, na hajawahi kunywa bilauri ya maziwa, kwa sababu yalikatika kabla hayajafika mdomoni.

Hilo halikuwa tatizo la mtu yeyote mpaka Poresh Dolui alipotaka kumwoa.

Poresh alikuwa na kibanda cha chai stesheni. Kila Lotika alipopita kwenda sokoni, maziwa ya birika lake yalikatika. Poresh aliyamwaga, akaosha birika, akabandika upya, wala hakumnung'unikia. Alimweleza shangazi yake kwamba siku moja Lotika hakupita, chai ikatoka nzuri, na yeye akaona siku imeharibika. Shangazi akapeleka posa.

Haradhan hakukataa. Alisikitika tu. Aliuliza, kwa upole, muuza chai ataishije na mke anayekatisha maziwa, na mtaa mzima ukakiri kwamba swali lile lina uzito. Ndipo Lotika akajitanda sari yake ya kutokea, akaenda mwenyewe kwa Daktari Anadi Bagchi.

Daktari Anadi, wa tiba ya homeopathi, alikuwa na chumba kati ya fundi cherehani na fundi baiskeli. Ukuta mzima ulikuwa wa chupa ndogondogo zenye punje nyeupe za sukari zilizonyweshwa dawa. Magnesia tatu, dawa za madini, alizipanga pamoja, kwa kuwa aliziona kama dada watatu wa nyumba moja wasiofanana tabia. Ile ya fosforasi ni ya misuli inayokaza na tumbo linalosokota, nayo hunywewa katika maji ya moto. Haradhan mwenyewe aliitumia kwa ajili ya shavu la mguu wake wa kushoto. Ile iliyotokana na chumvi ya bahari ni ya watu wasiopenda ugomvi, wanaomeza maneno mpaka ini linavimba. Ya tatu, ile ya kaboni, ni ya mtoto ambaye maziwa humkataa, anayenuka uchachu, anayeamka amechoka kuliko alivyolala. Walimu wa zamani wa tiba ile walisema ni dawa ya yatima, na ya wale wanaoishi kama yatima huku ndugu wamewazunguka.

Alimwuliza Lotika analalia upande gani.

"Upande wa ukutani, daktari. Upande wa pili kuna magunia ya sukari."

Akamwuliza kuhusu kiu, ndoto, jasho, na meno yake ya utotoni. Lotika alijibu yote. Kisha akamwuliza anapenda nini.

"Kwenye chakula?"

"Chochote, mama. Kula, kuona, kusikia."

"Sijui. Ngoja nifikiri."

Daktari alingoja. Upande wa pili wa ukuta, fundi cherehani alimaliza mkono mzima wa shati. Mwishowe Lotika akasema anapenda sauti ya treni isiyosimama. Daktari akampa magnesia ya kaboni, akamwonya asikaribie vitunguu vibichi, kahawa, wala karafuu maiti; hasa karafuu maiti, maana harufu yake huiua dawa hata ikiwa tayari imo mwilini.

Baada ya wiki moja hivi, Haradhan alipunguza moto, akafuta mikono, akamwita Lotika. Lotika akaketi, akatunga uzi, akashona nusu ya foronya. Maziwa yakabaki maziwa. Wapishi walisimama na miiko yao. Lotika akauliza kama anaweza kuyaonja, akachota bilauri, akanywa yote, akapangusa mdomo. Shavu la mguu wa Haradhan likakaza papo hapo.

Jioni Haradhan alikwenda kwa daktari kuchukua magnesia yake, na akauliza habari za ile nyingine. Daktari alifurahi. Alisema dawa imeanza kazi na sasa isaidiwe.

"Muulizeni mambo yake. Msifuni kidogo. Uchachu ule ni wa mtu aliyekaa muda mrefu bila kupendwa. Akipendwa, haurudi."

Haradhan alisikiliza kwa makini, kama mtu anayefundishwa kipimo cha sukari.

"Na asipopendwa, unarudi?"

"Unarudi."

"Upesi?"

"Upesi sana, Haradhan. Na nyumbani kwako pasiwe na karafuu maiti."

Kesho yake Subashini aliingia katika ucha Mungu. Alichoma karafuu maiti mbele ya miungu asubuhi na jioni, kisha jikoni, kisha kwenye ngazi. Alifunga vipande vyake katika vitambaa akaviweka ndani ya sanduku la sari za Lotika kwa ajili ya nondo, na chini ya mto wake kwa ajili ya mbu. Kuhani alimtaja hekaluni kama mfano. Mtu hawezi kumlaumu mwanamke kwa kusali.

Upande wa mapenzi ulihitaji kazi zaidi. Subashini alikuwa na mazoea ya kusema "kula, mama" anapompakulia, akaondoa "mama". Haradhan alikuwa akikohoa kidogo kabla ya kumtuma, akaacha kukohoa. Siku Lotika alipopika samaki wa haradali vizuri kupita kawaida, wote walikula wameinamia sahani, wakaomba chumvi. Sahani zilirudi nyeupe. Subashini alimwambia jirani kwamba hakujua kabla ya hapo ni maneno mangapi mazuri humponyoka mtu kwa siku, na kwamba jioni anachoka kama aliyetwanga mpunga.

Maziwa yakakatika tena.

Bhadrapara ni mji mdogo, na habari zilienea. Kwa kinyozi zilijadiliwa kwa utulivu. Walikubaliana kwamba furaha ya binti ni jambo kubwa, na kwamba Sikukuu ya Durga, mungu wa kike, imekaribia na vitamu vitahitajika. Kila mtu akafanya sehemu yake. Mwalimu mkuu, aliyekuwa akimwamkia Lotika kila siku, alianza kutazama saa anapomwona. Muuza samaki hakufanikiwa: alimwambia ana sura ya kambare, kisha kwa aibu akampa kipande kikubwa zaidi, na Haradhan ikabidi aende kumwomba aache yote mawili. Poresh ndiye aliyekataa kabisa kushiriki.

"Poresh, mwanangu, punguza," Haradhan alimwambia pale stesheni. "Wewe unatoa tabasamu asubuhi, mimi napoteza karai zima."

"Mzee, mimi namwamkia tu."

"Basi mwamkie kama abiria."

"Abiria hanikatishii maziwa. Namwamkiaje sawa na mtu asiyenifanya lolote?"

Haradhan alikunywa chai yake, akaisifu, akaondoka akichechemea.

Daktari Anadi aliongeza nguvu ya dawa kutoka thelathini hadi mia mbili, kutoka mia mbili hadi elfu. Katika kazi ile, namba hupanda kadiri dawa inavyozidi kuzimuliwa, na kwenye elfu hakukuwa tena na magnesia ndani ya punje, ila sifa yake. Ilipigana na karafuu maiti kwa heshima. Kuna asubuhi maziwa yalikatika nusu ya karai, upande alikoketi Subashini, na nusu ya pili yakabaki mazima.

Daktari alikuwa ameisikia karafuu maiti kwenye sari ya Lotika tangu mwezi wa kwanza wa tiba. Angeweza kusema. Lakini alikuwa hajawahi kugombana na mtu, hata na fundi baiskeli aliyemwaga mafuta mlangoni pake kila siku, na ini lake lilikuwa kubwa. Alijipima kwa uaminifu kama anavyopima wengine, akajikuta ni mgonjwa wa dada wa kati. Adhuhuri moja akatia punje nne za magnesia ya chumvi ya bahari chini ya ulimi wake mwenyewe, akaketi kungoja. Alasiri akahisi sentensi inapanda kutoka tumboni. Ilikuwa imekamilika: "Haradhan, unamla mtoto wa ndugu yako."

Alifunga chumba akaenda nayo dukani, midomo ameibana ili isimwagike. Watu walimpisha njia. Alifika mlangoni, akavuta pumzi ya kuitamkia, na pumzi ile ikaja na karafuu maiti. Sentensi ikayeyuka.

"Karibu, daktari," alisema Subashini. "Sukari guru ya mtende imefika leo."

"Nipe sandeshi nane," alisema daktari.

Mbili alizila hapohapo, amesimama. Hazikuwa na ladha ya kitu kilichotiwa. Macho yake yalilowa, na Subashini akasogeza kichomeo kwa adabu, akidhani ni moshi.

Wakati huo tayari ilikuwa majira ya baridi. Harusi ilikubaliwa kabla ya Sikukuu ya Durga na ikapangwa iwe baada yake. Lakini baada ya Durga watu hutembeleana na hakuna mgeni anayeondoka bila kitamu. Kisha ni usiku wa mungu wa kike Kali. Kisha ni siku ya dada kuwalisha kaka zao. Kisha mtende huanza kutoa sukari yake, na hiyo haingoji harusi ya mtu. Kila mara Haradhan alimwendea Poresh mwenyewe kumpa tarehe mpya, na kila mara alisikitika kweli.

Mwishoni mwa baridi, Lotika alizungumza. Karai lilikuwa limechemka na wapishi wote walikuwepo.

"Baba mkubwa, harufu ya karafuu maiti naijua. Najua na kazi yake. Nataka kwenda kwangu."

Haradhan akaweka mwiko chini.

"Nani kakuzuia? Mlango huu hapa. Lakini tazama watu hawa. Wana watoto. Bila wewe, Lotika, duka hili si kitu."

Lilikuwa neno kubwa kuliko yote aliyowahi kuambiwa katika nyumba ile. Uso wa Lotika ulifunguka kidogo, na maziwa, yaliyokuwa yameanza kufanya vibonge pembezoni, yakajiunga tena, yakawa laini na meupe kama yaliyokamuliwa sasa hivi.

"Anamaanisha kigoda," alisema Subashini haraka. "Mtu yeyote anaweza kukikalia."

Maziwa yakakatika. Wapishi wakapumua. Lotika akaangalia mlango, na mlango kweli ulikuwa wazi. Lakini binti wa watu hatoki kwenda kuolewa bila mkubwa wa kumshika mkono na kumkabidhi, na mkubwa alikuwa ameshaanza kuchuja.

Mwaka mpya wa Kibengali ukaja na maagizo yake. Kisha joto, na maembe, na katikati ya joto, ile Siku ya Wakwe, ambapo kila mama mkwe humwalika mume wa binti yake na kumlisha mpaka hawezi kuinuka. Subashini alikuwa mtu wa kutimiza wajibu. Alituma mtu stesheni kumwita Poresh.

"Harusi ni harusi, itakuja," alisema, "lakini siku ya mkwe haingoji."

Poresh alioga, akaja. Aliketishwa kwenye mkeka uliotariziwa. Subashini alimpepea kwa upepeo wa majani ya mtende, akamfunga uzi wa manjano mkononi, akampa shuka mpya ya kuvaa. Haradhan alimpakulia kwa mkono wake mwenyewe: samaki wa aina tatu, mbuzi, maembe, kisha sandeshi kubwa ya umbo la kombe la baharini, iliyoandikwa "Mkwe" juu yake. Majirani walichungulia dirishani na wakaona haki imetendeka. Tangu siku ile hakuna aliyeuliza tena habari za tarehe.

Lotika ndiye aliyeleta sahani na ndiye aliyeziondoa.

"Vipi, mkwe?" aliuliza Haradhan. "Imekaaje?"

Poresh alitafuna polepole. Alikuwa mtu mkweli na hakujua kujibu vinginevyo. Akasema, Lotika akiinua sahani ya mwisho, kwamba hajawahi kula kitu kizuri kama kile.

Aliondoka kuwahi treni ya saa kumi na moja, boksi la vitamu kwapani. Jikoni maziwa ya jioni yalikuwa yamechemka. Lotika alipofika mlangoni, mikono bado ina mchuzi wa sahani zile, karai zima lilikuwa limeshakatika bila yeye kuketi, mabonge makubwa, makavu, safi kuliko yote yaliyowahi kuchujwa dukani hapo. Haradhan aliyashika, akayanusa, akayaonja. Alifurahi sana, akajizuia kumwambia.