Ruba Aliyegonga Mzinga

Mama aligoma kulia. Tangu Operesheni Vijiji itusombe na vyombo vyetu hadi kijiji kipya, na kaka yangu Shilinde arudi msituni kufuata mizinga yake ya nyuki asionekane tena, masika yalikuja yakaisha na mama bado hataki matanga. Padri alimsihi, mashangazi walimsihi. "Nani alimwona akikata roho?" aliwauliza. "Nitajieni mtu mmoja aliyekuwa naye. Kama hayupo, basi mwanangu yu hai." Kila niliporudi nyumbani Jumamosi nilitamani kumpigia kelele. Nilimpenda Shilinde, na nilikuwa nimechoka kumngoja.

Siku za kazi nilikuwa mjini Tabora, msaidizi wa Daktari Kasimiri, kijana aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo kichwa kimejaa ruba. Ndiyo, ruba, hawa wanyonya damu. Alisema seli zao za fahamu ni kubwa, na zinavyopelekeana habari hazitofautiani sana na za ubongo wetu. Alichomoa kifundo cha mishipa ya fahamu mwilini mwa ruba, pamoja na kipande cha ngozi kilichoungana nacho, akakilaza kwenye maji ya chumvi chini ya hadubini, nami nikakidondoshea rangi. Rangi ile hushika ngozi ya seli. Ukiimulika kwa taa kali, kila seli inapopeleka habari mwanga hubadilika kidogo mno. Jicho halioni, ila mashine inaona, na kalamu yake inaruka kwenye karatasi. Madirisha tuliyaziba kwa kaniki kutoka dukani kwa Gulamali, maana rangi haipendi jua. Mchana mweupe tumejifungia gizani kama wachawi, na majirani walishaanza kusema.

Kitu kimoja sikukipenda. Taa ile ile inayotuonyesha seli, ikikutana na rangi, huiua seli yenyewe. Kadiri unavyoitazama ndivyo inavyokufa. "Zima, Daktari," nilimsumbua kila mara, naye alinicheka.

Siku moja alileta ruba aliyemtoa kwenye bwawa lililo kando ya njia ya zamani ya misafara, upande wa Ipole. Watu wa kwetu hawachoti maji pale. Wapagazi walioanguka na mizigo yao waliachwa hapo hapo, na wapita njia husema hadi leo husikia mtu akiomba atuliwe. Shilinde hakujali maneno hayo. Mizinga yake mingi ilining'inia juu ya bwawa hilo.

"Huyu alikula akashiba," alisema Kasimiri. "Wakishiba hukaa na damu tumboni miezi mingi. Ya ng'ombe, nadhani."

"Kule hakuna ng'ombe, Daktari. Kuna mbung'o, huwaua."

Alichomoa kifundo chake, nikakitia rangi. Akawasha taa.

Kwa kawaida seli hutulia mpaka uguse ngozi ya ruba kwa brashi. Hii haikungoja. Kalamu iliruka mara mbili za harakaharaka, ikanyamaza, kisha moja nzito. Tena vile vile. Kasimiri alikagua nyaya, akatikisa mashine, akalaumu umeme. Mimi niliutambua mdundo ule. Hivyo ndivyo Shilinde alivyogonga mzinga kabla ya kuufungua, asikilize kama nyuki wamo. Sikupata kumsikia mwingine akigonga hivyo. Utotoni nilisimama chini ya mti na kijinga cha moshi, nikimtania kwamba anabisha hodi ukweni, na nikimjibu kwa kugonga shina.

Nikagonga meza kwa kucha. Kalamu ikatulia. Kisha ikaanza kuruka upesi upesi hadi wino ukatapakaa, na nilijua kuna mtu amenisikia.

"Umefanya nini?" aliuliza Kasimiri. Alinyoosha mkono kwenye swichi. "Tuizime taa, tuipumzishe seli."

Nilimshika mkono. "Iache."

"Itakufa, dada."

"Najua. Iache iwake."

Nilisogeza kigoda karibu, nikaongea na kile kifundo kwa Kinyamwezi. Nilimwambia Shilinde kuwa mama ni mzima, kuwa hakuna aliyemsahau, kuwa asihangaike tena na mizinga. Niliogopa, lakini sikuondoka. Mruko ukapungua kimo, nafasi zikarefuka. Mwisho kalamu ikachora mstari ulionyooka, na Kasimiri akazima taa.

Jioni ile nilidandia lori la tumbaku hadi kijijini. Mama alikuwa akichochea moto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona leo si Jumamosi?"

"Mama, Shilinde amekufa. Mimi nilikuwepo."

Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa wapi na lini. Hakuuliza.

"Alikuwa anaogopa?"

"Mwanzoni. Kisha nikaongea naye."

Aliuacha moto. Halafu akavua kilemba, akapiga yowe, na wanawake wa kijiji kipya, ambao hatukuwa hata tunajuana majina, wakatoka mbio kuja kulia naye.