Mkono wa Shangazi

Katika nyumba ya dereva, Jumapili ilikuwa haijawa Jumapili mpaka meza ifutwe makombo na karata zichanganywe. Mchezo wao ulikuwa mmoja tu, waliuita Kofi, na hata jirani aliyekuja kuazima pasi aliweza kufundishwa akiwa bado kasimama mlangoni. Kila mtu anagawiwa karata zake, hazitazami. Mnatupa moja moja mezani, kwa zamu. Zikifuatana mbili zinazofanana, saba na saba, mfalme na mfalme, wa kwanza kupiga kofi anazoa fungu lote. Ukipiga kofi la uongo, unamlipa kila mtu karata moja. Ukiishiwa, vyombo vya mchana vinakungoja jikoni.

Bingwa alikuwa dereva mwenyewe. Walimwita Radi, maana mkono wake huuoni ukienda, unauona umeshafika. Mke wake alipenda kusema kwamba hata posa yake ilikuwa hivyohivyo: alipofungua kinywa amjibu, akakuta pete iko kidoleni.

Lakini dada yake, ambaye nyumba nzima na basi zima walimwita Shangazi, alijua jambo ambalo wengine mezani hawakulijua. Kaka yake hakuwa akitazama karata tena. Alikuwa akiutazama mkono wake yeye. Shangazi akiinua mkono, Radi anapiga, na kwa kuwa alikuwa mwepesi bado, mara nyingi alimtangulia.

Shangazi ndiye aliyempeleka kwa daktari wa macho, siku waliyoaga nyumbani kwamba basi linakwenda gereji. Daktari alieleza taratibu, kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Macho yalikuwa yanakufa kutoka pembeni kuja katikati. Kilichobaki ni kitundu, sawa na kuitazama dunia kupitia bomba. Matone yangeweza kukilinda kitundu hicho, ila kilichokwisha kupotea hakingerudi. Kuhusu kuendesha gari, daktari hakuzunguka: aache leo.

Kazi yake ilikuwa kuendesha basi la shule.

Nje ya hospitali, Radi alimwomba dada yake asiseme kitu mpaka muhula uishe. Hakulia. Alisema tu kwamba hajui mtu mwingine wa kuwa, zaidi ya dereva. Shangazi, aliyepata kazi ya kuhudumia watoto ndani ya basi kwa sababu kaka yake alimwombea, alikubali. Tangu hapo alikaa kiti cha mbele na kuwa macho ya gari. Tuta hilo. Pikipiki upande wako. Mama na mtoto wanavuka. Alitamka kwa sauti ya kuimba ili ionekane utani, na watoto wakaupenda utani huo. Wakawa wanaitikia basi zima, tuta, tuta, wakicheka, na Radi anapunguza mwendo.

Jumapili moja walikuwa wanne: Shangazi, Radi, mke wa Radi, yaani wifi yake Shangazi, na binti yao aliyefanya kazi kwenye tanuri la mikate, ambaye kwa sababu ya kazi yake aliamka kabla ya jogoo na kusinzia katikati ya mazungumzo. Siku hiyo hakusinzia. Karata zilikwenda vizuri, matusi ya mapenzi yakaruka, wifi akaambiwa vidole vyake vina kutu. Kisha Shangazi akaona kombo la mkate lililosahauliwa, akanyoosha mkono alifagie.

Kofi la Radi likatua mezani, vikombe vikaruka. Chini ya kiganja chake kulikuwa na tisa, na chini ya tisa kulikuwa na mbili.

Wifi alicheka mpaka akashika mbavu. Radi naye akacheka, akalipa karata zake, akasema uzee umeanza kubisha hodi. Binti hakucheka. Alimtazama baba yake, akautazama mkono wa Shangazi uliobaki hewani na lile kombo, kisha akasema anaumizwa na jua la dirishani na angependa wabadilishane viti na Shangazi. Hilo halikuwa ombi la kukataliwa. Akakaa ubavuni kwa baba yake.

Wakaendelea. Zamu ya binti ilipofika, hakuitupa karata yake katikati. Aliiweka polepole kando ya kiwiko cha baba yake, karibu sana, angeweza kuigusa.

Radi alikuwa ameinamia meza, akingoja. Alingoja kwa tabasamu la mchezaji. Tabasamu likachoka.

"Tupa basi, mwanangu, unatulaza."

Binti aliiacha karata palepale.

"Nimeshatupa, baba."

Shangazi alijikuta akisema kabla ya kufikiri, kama alivyozoea kila asubuhi, kwamba karata imetupwa pembeni mno, nani angeiona.

"Mimi nimeiona," alisema wifi. Hakuwa anacheka tena.

Binti aliuliza mambo machache, kwa sauti ya chini. Tangu lini. Nani anajua. Ndani ya basi, nani anaangalia upande wa mlango. Radi alijibu kwamba anaona vizuri tu, ni uchovu, karata zenyewe zimechakaa. Mke wake akamuuliza yale matone anayoweka kila usiku, aliyosema ni ya vumbi la barabarani, ni ya nini hasa. Akajibu ni ya vumbi. Ndipo wifi akakumbuka habari aliyoisikia kwa wazazi wengine: Alhamisi, mtoto wa darasa la kwanza aliinama kufunga kamba ya kiatu mbele ya basi, na basi likasimama kwa kishindo.

"Nilimwona," alisema Radi. Akageuza uso, akamtafuta dada yake, akampata. "Waambie. Si nilimwona?"

Shangazi alikuwa amekwisha kusema ndiyo mara moja, siku ileile ya Alhamisi, mbele ya msimamizi wa magari. Lilikuwa neno jepesi siku ile. Sasa alimkumbuka mtoto mwenyewe, kisogo chake, kola ya shati iliyosimama upande mmoja, na namna alivyomaliza kufunga kamba bila haraka, hajui lolote.

"Hukumwona, kaka. Nilipiga kelele mimi."

Radi aliziweka karata zake mezani, akazilinganisha kingo kwa vidole. Alimuuliza dada yake kama anafahamu kwamba akitoka yeye kwenye basi hilo, naye anatoka. Shangazi akasema anafahamu. Radi akainuka, akagonga kiti, akaenda kulala jua likiwa bado kali.

Asubuhi alikuwa amevaa sare. Mke wake alisimama mlangoni, funguo za basi amezificha. Radi alikuwa na za akiba. Alimwambia ni wiki hii tu, mpaka shule ipate dereva mwingine. Alipita uani, akalipapasa basi ubavuni kama mtu anayemtuliza ng'ombe, akapanda, akawasha. Shangazi hakwenda kwenye kiti chake. Alizunguka, akasimama mbele ya basi, kwenye kona iliyo mbali na usukani, karibu na taa, ambapo mtetemo wa injini ulimfikia magotini.

"Uko wapi wewe?" Radi aliita. "Watoto wanangoja."

Alinyamaza. Alisikia gia ikiingia. Basi likasogea kiasi cha kiganja, na bati likamgusa tumboni, baridi. Magoti yalimwambia akimbie. Mdomo, uliozoea kuimba matuta na pikipiki, uliwashwa.

"Niko hapa," alisema. "Mbele yako."

Breki ililia. Kupitia kioo alimwona kaka yake akigeuza kichwa, huku, kule, akirudi, akitafuta, mtu mzima na kofia yake ya kazi, na ilichukua muda mrefu sana kabla macho yake hayajatua juu yake. Yalipotua, injini ikazimwa.

Radi alishuka akipapasa ngazi kwa mguu. Alimpita dada yake, akaingia ndani. Siku hiyo hakusema naye, wala zilizofuata.

Shangazi alitoa simu. Alikosea namba, akarudia. Msimamizi alipokea na kuuliza kwa hasira basi liko wapi, watoto wamejaa vituoni. Akamwambia basi haliji, atume jingine. Kisha, kabla hajaulizwa kwa nini, akavuta pumzi na kuanza kueleza, kuanzia kwa daktari.