Ets Alimasi & Fisi

...na hata si rangi, ni chokaa iliyotiwa maji mpaka imekuwa kama maziwa ya kugawia watu wa foleni, huyu Léopold hata kwenye kufuta jina la marehemu anafanya économie, na tone la kwanza limeshaanguka juu ya kiatu, kiatu kile kile cha soutenance, siku ya kutetea tasnifu, cha pekee, basi nacho kiingie matanga, Nuhu akakaza mikono kwenye ngazi, maana mawe haya ya volkano hayamheshimu mtu, mguu mmoja wa ngazi ulikaa juu ya jiwe, mwingine ulining'inia hewani, na yeye, licencié en gestion, mwenye digrii ya usimamizi, mention distinction, ndiye aliyewekwa pale kuwa jiwe la pili, voilà, nimepata kazi, contrat ya nusu saa, bila prime... "Weye licencié, nianzie wapi?" Samy aliuliza kutoka juu, brosi mkononi, inadondoka. "Mukono inachoka." Achoke. Nusu ya mji huu imechoka mikono na hakuna anayeipa ngazi. Nyuma yake, kwenye mlango wa duka, mama yake alikuwa amekaa juu ya bidon iliyopinduliwa, simu sikioni, "Ee patron Léopold... yuko hapa, anashika ngazi... apana, hajasema bado, ni mutu ya kufikiri sana ule...", sana, ndiyo, mutu ya kufikiri, miaka yote hiyo ya kufikiri na matokeo ni haya, mtu anayefikiri chini ya ngazi, na asubuhi alipomwekea chai, mama yake huyo, mama Kadidja, hakulia hata kidogo, ingekuwa rahisi kama angelia, alisema tu, "Miye ninachoka, Nuhu. Papa yako alikufa, duka limelala. Léopold anataka kupanga aweke ma-écran, batoto ba Katindo bakuye kubeti mipira ya Ulaya. Kila mwezi nitapata ya kula na ya dawa ya tension, hii presha. Lakini kule ku ukuta kuko papa yako na weye. Chokaa ikigusa jina, tumekubali. Ukisema apana, ni apana, sitauliza tena," halafu akaongeza sukari kwenye chai yake mwenyewe, na daktari alishamkataza... Jina. ETS ALIMASI & FISI. Herufi nyekundu, kila herufi na kivuli chake cheusi, kazi ya Samy huyu huyu, enzi hizo bado ana nywele, kwa sababu muzee Alimasi alitaka duka lake liwe kama ma-dépôt makubwa ya mjini, kila ukuta wenye heshima Goma una Ets fulani & Fils, établissements ya baba na watoto wake wa kiume, naye alikuwa na fils mmoja, anatosha, akamwambia Samy kwa mdomo, na mdomo wa muzee ulikuwa wa Maniema, wa kupiga bei, Kifaransa kilipita humo kwa kuazima njia, fils ikatoka fisi, na Samy akaandika alichosikia. "Niliandika vile alitamka," anasema mpaka leo, bila haya, "miye ni peintre, siyo professeur." Na Nuhu alikuwa shule ya msingi, akarudi nyumbani analia, wenzake walikuwa wamemsubiri kwenye kona, Fisi! Fisi mutoto! mkia uko wapi? na baba yake akatoka nje kuangalia ukuta, akacheka mpaka kofia ikaanguka, akasema, "Iache. Ma-Fils iko mingi mu Goma. Fisi ni moya tu," na kweli, watu wa chukudu wote walioshuka kutoka Kibati na makala, na viazi, na mbao, baiskeli zao za mti zikilia kama zinateswa, walisimama kununua misumari na ressort, zile springi, na vipande vya mpira wa kuvalisha magurudumu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusema twende kwa Alimasi, walisema twende kwa Fisi, unamjua Fisi? pale chini ya Katindo, Fisi ana ressort za kweli... "Eh, licencié! Ao unasoma ukuta kwanza?" Asome. Ndiyo kazi aliyosomea. Rôle et performance des PME dans l'économie de la ville de Goma, hiyo ndiyo ilikuwa mémoire yake, tasnifu ya ufanisi wa maduka madogo, kurasa nyingi, jedwali, camembert, zile chati za duara, za rangi tatu, alizunguka na questionnaire yake duka kwa duka, mama muuza unga, papa wa moulin ya kusaga, fundi wa matandiko, wote aliwauliza lakini duka hili hakuliweka kwenye échantillon, sampuli yake, aliona aibu, angeandika nini, établissement numéro fulani, Fisi? na jury ikacheka? na chef de travaux wake, msimamizi wa mémoire, mwenye koti lisilofuliwa, alikuwa ameshamwambia kwamba maduka kama haya ni secteur informel, sekta isiyo rasmi, informel, neno tamu hilo, duka lililolipa kila aliyekuja na karatasi, na kila aliyekuja bila karatasi, wale wa usafi ambao uchafu hawajawahi kuugusa, wale wa kofia, wale wa bunduki, wenye mji wa jana na wenye mji wa leo, wote walijua mlango ulipo, wote walijua jina, kwa serikali tu ndiyo lilikuwa halionekani, halafu ukimaliza masomo wanakualika hoteli ya pembeni ya ziwa, séminaire, entrepreneuriat des jeunes, wanakupa tee-shirt na sambusa mbili na dada mmoja mwenye badge shingoni anakwambia usitafute kazi, umba kazi, kijana, résilience! na ukimuuliza yeye aliumba ipi, anaangalia saa, mbongo te, masolo kaka, pesa hakuna, ni maneno tu... "...hapana patron, chokaa iko mingi, inaenea, usiogope...", mama yake alisema kwenye simu, akakohoa, akasema kitu kingine ambacho pikipiki ilikimeza. Chokaa inaenea. Inafuta kila kitu chokaa. Muzee naye alifutwa hivyo hivyo, mwezi ule wa mabomu, mji ulipobadilisha wenyewe, na si bomu lililomuua, bomu lingekuwa na jina, ni pharmacie zote kufungwa na presha kupanda ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha, akiuliza tu kama duka limevunjwa, na lilikuwa limevunjwa, na Nuhu alimwambia halijavunjwa, na waporaji walichokuta humo ndani, hapo ndipo pa kucheka, walikuta karibu hakuna kitu, misumari michache na mizani, waliondoka wakitukana, mbona rafu ziko tupu, nani ametutangulia...

Chukudu ilikuwa inashuka barabarani, aliisikia kabla hajaiona, mluzi ule wa mti juu ya mti, magunia ya makala yamepandana, na mwenyewe, kijasho mpaka kwenye nyusi, akafunga breki kwa kisigino, akapaza sauti bila hata kuangalia ngazi, "Eee kwa Fisi! Munafungua leo? Ressort yangu imevunjika kule Rumangabo, nimekuya na maumivu tu!" na mama Kadidja akaondoa simu sikioni, "Bado, papa, bado," si tumefunga, alisema bado, na mtu wa chukudu akajibu, "Basi muambiye Fisi asilale sana!" akasukuma, akaondoka, na mluzi ukaenda naye, lakini lile swali la waporaji lilibaki limesimama barabarani, nani ametutangulia, nani alikula rafu zile, na Nuhu akaziona, kama vile mtu ameinua pazia, rafu ya juu ya ressort ilikuwa imejaa mpaka alipoingia G1, mwaka wa kwanza wa chuo, halafu ikapungua, mwaka wa frais académiques, ada za chuo, ziliporukia dari ikawa tupu, roll za mpira zilikwenda na syllabus, na frais za labo ya informatique ambayo haikuwa na umeme, mizigo ya misumari ikaenda na stage, mafunzo ya kazini, na frais za kuweka mémoire, na kuichapisha mémoire mara tatu kwa sababu chef de travaux alitaka marge ipanuliwe, na siku ya soutenance baba yake alikaa mstari wa mbele na koti la harusi, akaleta sucré baridi, soda, kwa jury nzima, na ndani ya mémoire ile ile, conclusion, sababu ya tatu ya maduka kufa, Nuhu aliisoma kwa sauti, kwa Kifaransa safi, akiwa ameshika micro, la confusion entre la caisse de l'entreprise et la poche du ménage, yaani mwenye duka anachanganya sanduku la biashara na mfuko wa nyumba, gestion archaïque, usimamizi wa kizamani, alisema, jury ikatikisa kichwa, bien, très bien, na muzee, ambaye hakuelewa hata neno moja, alipiga makofi kuliko wote, na usiku huo... hapana, njiani, walipokuwa wanarudi kwa miguu, alimuuliza, "Na siye, karatasi yako inasema nini juu yetu?" na Nuhu akamjibu, "Ni mambo ya théorie, papa," théorie! mfuko wa nyumba ulikuwa umevaa kravati, umesimama mbele yake na micro, confusion ilikuwa na jina na namba ya matricule, mutoto wa muzee Alimasi, na hakuna aliyesoma vibaya, wala Samy hakuandika vibaya, ule ukuta ulikuwa umesema kweli tangu shule ya msingi, fisi wa rafu zile alikuwa yeye, duka hili liliuza mpira na misumari lakini kitu kimoja tu lilichotengeneza lenyewe, kwa jasho lake, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kilikuwa licencié, kipande kimoja, distinction, na kikakosa mnunuzi, invendu, kiko hapa chini kimeshika ngazi, halafu performance unaipima na nini, chef, na camembert ipi, weka rangi gani kwa muzee anayeuza rafu zake moja moja huku anacheka?

"Licencié, kwa mara ya mwisho," Samy alisema, na tone jingine likaanguka, safari hii kwenye mkono, baridi. "Nafuta ao nashuka?" Mama yake alikuwa ameshusha mkono. Simu ilikuwa mapajani, bado inaongea, sauti ndogo ya Léopold ikisema alo, alo, mama, alo. Alikuwa anamwangalia, si kwa kumwomba, wala si kwa kumkataza, kama unavyoangalia mtu anayepima kitu chako kwenye mizani yake, na ya kula ni ya kula, na tension ni tension, na humo ndani kuna misumari michache tu, na hakuna benki, na barabara ina wenyewe, yote hayo alikuwa ameyaandika vizuri, sababu ya kwanza na sababu ya pili, alijua duka hili lingekufa na angeweza kutoa source chini ya ukurasa... "Futa Alimasi," Nuhu alisema. "Taratibu. Muzee apumzike." Brosi ikasimama hewani. "Na Fisi?" Ngazi ilitikisika, akaikaza, jiwe la pili, mguu wa kushoto. "Fisi umuache." "Patron alisema ukuta wote mweupe." "Muambiye Léopold apana, duka lina mwenyewe." Samy akacheka kwa pua, "Fisi peke yake? Watu bataogopa kuingia," na mama Kadidja akaichukua simu, hakuipeleka sikioni, akaizima kwa kidole gumba, akainuka kwenye bidon, akaingia ndani gizani, na Nuhu akasikia misumari inamwagwa kwenye mizani, inapangwa, mirefu peke yake, mifupi peke yake, chokaa bado inadondoka, ngazi bado mikononi, hajala kitu tangu ile chai, na alikuwa na njaa, njaa kubwa, ya zamani.