Nani Aliwavusha?

Mimi huamini redio, na hapo ndipo nilipokosea. Jioni ile ya Januari, mwaka wa tisini na nane, mtangazaji alisema mwezi haujaandama, Waislamu wafunge siku moja zaidi. Nikajua basi, kesho ni zamu ya jirani yangu Lela kuwavusha watoto barabara. Tulikuwa tumepatana mlangoni kwake mchana: "Mama Mukai, kesho ikiwa Idd, wavushe wewe. Isipokuwa Idd, nitawavusha mimi." Nikazima redio nikalala.

Watoto wenyewe walikuwa watatu: Mukai wangu wa miaka sita, Hikma wa Lela, na Kyalo wa Asenath, ambaye hata viatu alikuwa bado anavigeuza kulia na kushoto. Asenath ni karani mjini na hutoka alfajiri, kwa hivyo Kyalo aliletwa kwangu. Shule, ambayo haifungi hata siku ya Idd, iko ng'ambo ya Outer Ring. Mvua za El Nino zilikuwa zimeichimba barabara hiyo mashimo ya kuzamisha ng'ombe, na malori yaliyakwepa kwa kupanda pembeni, palepale watoto wanapotembea.

Asubuhi niliwafunga Mukai na Kyalo vifungo, nikawaelekeza kwa Lela, mlango wa nne kutoka kwetu, nikarudi kwenye cherehani yangu. Nilikuwa na nguo za kwaya za kumaliza, na Jumapili haingoji fundi.

Saa mbili unusu mlango ukabishwa. Alikuwa Hikma, na gauni jipya la manjano, hina hadi viwikoni, sahani ya kaimati mikononi.

"Mama anasema Idd Mubarak."

"Idd gani? Si ni kesho?"

"Yetu ni leo. Tumetoka kuswali."

"Na Mukai yuko wapi?"

Akanitazama. "Sijamwona leo."

Ile sahani niliiweka wapi, sijui mpaka leo. Nilitoka na utepe wa kupimia shingoni, kandambili moja ikakatika mbele ya duka la Thuo, nikaiacha hapo. Nilikuwa natukana njia nzima. Niliitukana redio, nikamtukana Lela na msikiti wao unaofuata mwezi wa Saudia wakati nchi nzima inangoja wa hapa. Nikajitukana na mimi, mtu mzima hovyo, miaka mitano nakula kaimati za huyo mama na sijawahi kumwuliza Idd yao hutangazwa na nani.

Barabarani watu walikuwa wamekusanyika. Nikawapenya kwa viwiko, kumbe ni mkokoteni umepindukia shimoni na mwenyewe anaokota viazi.

"Umeona watoto wawili? Sweta za kijani?"

"Mama, hapa wanapita watoto mia," akasema, akaendelea kuokota.

Nikavuka. Lori lilinipigia honi, dereva akanitukania mzazi wangu, na siku hiyo nilimwona ana haki.

Mukai alikuwa darasani, dawati la mbele, mzima. Nilimvuta nje nikamshikashika kichwa, mikono, miguu. Nilitaka kumchapa na nilitaka kumkumbatia, nikabaki nimemshika tu.

"Kyalo je?"

"Yuko nasari. Nimempeleka mpaka ndani."

"Nani aliwavusha?"

"Hakuna. Kwa kina Hikma kulikuwa kumefungwa. Tungechelewa, na mwalimu huchapa."

Hapo Lela akaingia getini akihema, buibui ameikusanya mkononi. Hikma alikuwa amemweleza.

"Mama Mukai, wallahi nilijua unajua."

"Ningejuaje? Redio imesema mwezi haujaonekana!"

"Na sisi tulianza lini kufuata redio? Kila mwaka si unaona?"

"Naona kaimati, Lela. Mwezi wenu sijauona. Ungenibishia mlango asubuhi, ungekufa?"

"Na wewe ungewafikisha mlangoni kwangu, miguu ingekuuma?"

Hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli. Nilifungua mdomo nimjibu vibaya zaidi, lakini Mukai akanivuta sketi.

"Msigombane, mami. Hakuna haja ya zamu tena. Sasa tunajua kuvuka wenyewe."

"Mnajuaje?" Lela akamwuliza.

"Namshika Kyalo mkono, hivi. Halafu tunafunga macho, tunakimbia."