Ujumbe Uliosomwa Ofisi ya Kata

Jumanne ya tarehe 14 Mei 2024, saa tisa alasiri, ndipo nyumba yangu ilipovunjika. Ilivunjikia mbele ya ofisi ya kata, watu wakiangalia.

Wiki nzima redio ilikuwa inatutisha: watoto wanarubuniwa mitandaoni, wazazi mmelala. Mtendaji wetu wa kata, Thadeo, akalidaka hilo. Akaagiza kila mzazi aje na mtoto wake wa sekondari, na simu ya mtoto. Wakubwa wetu hawa njia ya kutuletea maji hawaijui, ila ya kuingia kwenye simu ya mtoto wa mtu wanaijua.

Lakini simu niliitoa mimi. Binti yangu Yusrah, miaka kumi na sita, alikuwa ameificha chini ya godoro. Mimi niliishia darasa la tatu, kusoma kunanishinda. Na hata ningejua, kwetu baba hamuulizi binti mambo ya ukubwani. Hiyo ni kazi ya mama yake, na mama yake akiwa hayupo, ya ndugu za mama. Mke wangu nimemzika. Ndugu zake niliwafukuza mwenyewe siku ya arobaini, waliposema nilichelewa kumpeleka hospitali. Hospitali ndiyo iliyochelewa, si mimi! Shemeji yangu Mwamvua, mdogo wa marehemu, nilimwambia asikanyage kwangu, wala mwanangu asikanyage kwake Mikumi.

“Baba Yusrah, tuanze na wewe,” Thadeo akasema. “Nisome?”

“Baba, usikubali,” Yusrah akaninong'oneza.

“Soma,” nikasema.

Akasoma kama anatangaza matokeo ya uchaguzi: “Kidoti wangu, Jumamosi panda gari la asubuhi. Baba asijue. Nauli nimeshatuma. Nakusubiri stendi.”

Watu wakaguna. Jirani yangu Stefano akapaza sauti, “Loo! Baba Yusrah, umepata mkwe anayetuma nauli! Wa kwangu hata vocha hatumi!”

Kicheko kikapita mpaka kwa walimu wa sekondari waliokuwa wamealikwa.

“Ni nani huyu mwanaume?” Thadeo akauliza.

 Yusrah aliniangalia mimi, kwa woga. Kumtaja aliyetuma, mbele yangu, hakuthubutu.

Na mimi nilikuwa nimeshajua. Kidoti ni jina ambalo Mwamvua alimpa Yusrah siku alipozaliwa, kwa ajili ya alama nyeusi nyuma ya sikio. Hakuna mwingine anayemwita hivyo. Nilijua kabla Thadeo hajashusha ile simu. Nilitakiwa kusema maneno machache tu: huyo ni mama yake mdogo. Lakini mkutano mzima ungeelewa kwamba mwanangu anawafuata kwa siri watu niliowafukuza. Wangesema mwanaume huyu nyumba imemshinda.

Nikasema, “Mtendaji, fanya kazi yako.”

Thadeo akaliandika jina la mtoto kwenye daftari lake, kundi la wanaorubuniwa. Kesho yake shuleni wakaanza kumwita Nauli. Alhamisi akatoka na sare za shule, hakurudi.

Sikuhitaji polisi kujua yuko wapi. Jumamosi nikapanda gari la Mikumi. Mwamvua anawapikia wali madereva wa malori, pale barabara kuu.

“Shikamoo, shemeji,” akanisalimu.

“Marahaba.”

Hakunipa kiti. Yusrah alikuwa anaosha sahani nyuma ya banda, na hakuinua uso.

“Twende nyumbani, mama,” nikamwambia Yusrah. “Huyu Thadeo nampeleka wilayani. Nani alimpa ruhusa ya kusoma simu ya mtoto wa watu?”

“Si wewe?” Mwamvua akasema.

“Serikali ndiyo iliyotuita!”

“Serikali ilijuaje simu iko chini ya godoro, shemeji?”

Dereva mmoja akacheka, akarudi haraka kwenye wali wake. Nikabaki nimesimama juani. Nikamwambia Yusrah kwamba shule nitamtafutia nyingine, kwamba na huku Mikumi atakuja kila akitaka, sitamzuia. Nilisema mengi.

Akafuta mikono kwenye kanga, akaja mpaka niliposimama.

“Nitarudi,” akasema. “Lakini kwanza nijibu kitu kimoja tu, baba.”

“Uliza, mwanangu.”

“Thadeo aliposoma pale kwenye Kidoti, ulikuwa hujajua kama ni mama mdogo, au ulijua?”