Gesi Bila Psss

Mtaa mzima wa Mudzipela ulimjua fundi Félicien kwa mlio mmoja: psss! Miaka thelathini alitengeneza frigo, majokofu ya wauza samaki, na kila alipobadilisha kompresa alikata bomba kwanza, gesi ikaruka hewani, watu wakapiga makofi. "Maladi imetoka!" walisema, yaani ugonjwa wa frigo. Naye, sitamfichia, aliyapenda makofi yale kupita kiasi.

Halafu akaenda mafunzo ya mafundi, siku tano, akarudi amenywea. Kule walimwambia kwamba gesi ya frigo za zamani haipotei hivi hivi. Inapanda juu kabisa, inalitafuna tabaka la ozoni linalotukinga na makali ya jua, na inaweza kukaa huko hata miaka mia. Mataifa yalikubaliana kuacha kuitengeneza, na tabaka limeanza kupona, lakini polepole mno. Gesi iliyobaki ndani ya frigo kuukuu inatakiwa kunyonywa na kufungiwa kwenye chupa ya chuma. Bila kelele.

Na bila kelele, Mudzipela, nani atakuamini? Wateja wawili walishamkimbia. Sasa alikuwa kwa Mama Emérance, muuza samaki mwenye asili ya Butembo, mwanamke ambaye akikuacha, safu nzima ya wauza samaki inakuacha. Félicien alilijua hilo.

Samaki wa ziwani, wa Kasenyi, walikuwa wanangoja kwenye mabeseni. Pampu ya kunyonya gesi ilinguruma, nusu saa ikapita.

"Papa Félicien, mbona sijasikia psss?"

"Mama, siku hizi hatuachilie tena. Gesi iko inaingia mu chupa."

"Chupa gani? Weye unanifanya mujinga! Samaki yangu iko inaharibika, na maladi ingali mu frigo. Nitaita fundi Fiacre wa ng'ambo ya barabara, yeye anakataka mara moja!"

Mkasi wa bomba ulikuwa karibu na goti la Félicien. Psss moja tu, mama angecheka, na kazi ingepona. Nani angejua? Félicien aliuinua, kweli aliuinua. Kisha akaurudisha chini, akaona haya.

"Mama, nipatie mizani yako."

"Ya samaki?"

"Ndiyo, njo hiyo."

Akaifunga chupa, akaipandisha juu ya mizani. "Tupu iko kilo tano, soma hapa, imeandikwa. Sasa angalia mushale."

Mama Emérance, ambaye hajazaliwa mtu wa kumdanganya kwa mizani, aliinama, akaigonga sahani, akasoma tena.

"Kilo tano na gramu mia tatu! Ee Mungu, maladi iko ndani kweli!"

Félicien akacheka, moyo ukamtulia kabisa. Akaanza kufungua kompresa ya zamani.

"Na ile uliachiliaka miaka yote?" mama akauliza.

Swali hilo hakulitegemea. Akaiweka spana chini.

"Ingali juu, Mama, iko inatafuna ile kinga yetu ya jua. Tundu yake kubwa, wanasema itajifunga karibu na mwaka 2066."

Mama akahesabu kwa vidole, akaacha katikati.

"Siye hatutaona."

"Hatutaona. Labda mujukuu wangu Gracia, akiwa muzee."

Mama Emérance akapiga magoti kwenye maji ya samaki, akaikumbatia chupa kwa mikono miwili isiteleze.

"Basi kaza kizibo muzuri, Papa," akasema. "Kaza tena."