Maji ya Chini Kabisa

Kitu cha kwanza binti alichokiona ni kwamba Mzee Kipimo, mkuu wa maabara, hakuwa akimtazama usoni. Alikuwa akitazama mkono wake wa kushoto.

"Hiyo saa inang'aa gizani?"

"Ndiyo, mzee. Ni ya kaka yangu, aliiacha nyumbani. Mama alitaka niivae."

"Hukuambiwa saa haziingii humu?"

"Niliambiwa simu."

Kazi ya binti ilikuwa kuosha chupa, na kwa haya aliyokuwa nayo, hata salamu aliimeza nusu. Maabara ile ilipima umri wa maji ya bahari. Zamani mabomu yalijaribiwa angani, chembe zake za mionzi zikashuka na mvua. Maji yenye chembe hizo yalikuwa juu hivi karibuni. Yasiyo nazo yamelala chini tangu enzi za mababu.

Kaka yake alikuwa amezama na meli kwenye kina kirefu. Maji ya kina hicho yalipopimwa na kukutwa na chembe tele, mafundi walipiga makofi: kumbe maji ya juu hushuka, na ya chini hupanda! Binti akaipeleka habari nyumbani mbiombio. Mama, aliyekataa katakata mwanawe aitwe marehemu kabla hajauona mwili, akaanza kushinda ufukweni na shuka safi kwapani, akingoja maji yampandishe.

Sasa Mzee Kipimo aliiweka saa ile kando ya bakuli la maji safi, akafunika. Kesho yake alipoyapima maji yale, mashine ilihesabu kama imepagawa.

"Rangi ya mishale ya saa hii ina chembe zilezile, na zinavuja. Zimeingia kila chupa uliyoishika."

"Kumbe bahari mpya tulikuwa tumeifunga mkononi!" fundi mmoja akatania. Hakuna aliyecheka.

"Na maji ya kule chini, mzee?" Sauti ya binti haikufika mbali.

"Tutayapima upya, ila jibu nalijua. Hayo yamelala. Mimi na wewe tutakufa tuyaache hukohuko."

Binti alimkuta mama ufukweni, amekaa mchangani, shuka mapajani.

"Leo umewahi, mwanangu. Maji yako yanasemaje?"

"Hayapandi, mama. Walikosea."

"Basi watapima tena. Hao si wasomi?"

"Mama."

"Keti, unanizibia."

Hakuketi. Alisimama palepale, kati ya mama na bahari.

"Kaka amekufa, mama. Na mimi nimechoka kumngoja."